Mahali pa Kutundika Mkasi

Mkasi wangu simwazimi mtu. Mdogo wangu anajua, mumewe anajua, na yule jirani aliyekuja kuuomba akatie kadi za harusi anajua vizuri zaidi, maana nilimtolea maneno mpaka akasahau kilichomleta. Mkasi wa fundi wa kukata ukigusa karatasi umekwisha. Watu wanasema ni ubahili. Waache waseme. Mimi nimekata nguo tangu ujana wangu, na mkasi huu umekizoea kidole gumba changu kuliko kiatu kilivyouzoea mguu.

Halafu sisi wakataji tuna desturi yetu. Kwenye karakana ya nguo kila mkataji ana msumari wake ukutani, juu ya meza yake. Siku ya kwanza, ukishaelewana na mwenye kazi, hakuna cha kupeana mikono. Unautundika mkasi kwenye msumari, basi, umeajiriwa. Siku ya kuondoka unautungua mwenyewe, na wenzako wanazima vyerehani mpaka uishie mlangoni. Sijawahi kuona mkataji aliyeondoka akauacha mkasi wake unaning'inia. Labda afe, na hata akifa watoto wake huja kuuchukua.

Karakana yetu ilifungwa. Mzee mwenyewe alichoka, wanawe hawakutaka mambo ya nguo, wakauza mashine na jengo lake. Tuliitungua mikasi yetu siku hiyo tukilia kama tuko msibani. Aliyekuwa akikata kwenye meza inayotazamana na yangu tulimwita Shoto, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Mwanamke mmoja mcheshi sana, na mkasi wake wa kishoto ulikuwa umezungushiwa utepe wa bluu kwenye mpini ili usimchubue. Tulikumbatiana mlangoni tukaahidiana kutafutana, na mnazijua wenyewe ahadi za mlangoni.

Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto hatukujaliwa, kwa hiyo nikahamia kwa mdogo wangu. Nililala sebuleni. Kila asubuhi niliamka kabla shemeji hajapita kwenda kazini, nikalikunja godoro, nikalisukuma nyuma ya kochi, nikakaa hapo kama mtu aliyekuja kutembea. Mkasi niliulaza chini ya mto, umefungwa kwenye kitambaa, kwa kuwa mgeni hapigi msumari kwenye ukuta wa watu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nalingoja kwa hamu, ila hakuna aliyekuwa nalo.

Shemeji yangu ni dereva wa pikapu ya mizigo, mpole mpaka wakati mwingine unatamani umtikise uone kama kuna mtu ndani. Kutwa nzima anakaa kijiweni anaomba Mungu mtu ahame nyumba. Basi siku hiyo akaingia mbio, hata viatu hakuvua.

"Shemeji! Kazi imepatikana!"

Kulikuwa na karakana ya sare, za shule na za mahoteli, ambayo alishaipelekea majora ya vitambaa mara chache. Bosi wa pale alikuwa anatafuta mkataji mkuu. Na kubwa zaidi, alimwambia shemeji hivi: niletee mkataji mzuri, na mizigo yangu yote utabeba wewe, kila siku, hutarudi tena kijiweni. Mdogo wangu alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia. Alininyooshea gauni langu la bluu mwenyewe, huku akiimba.

Kwa hiyo tuelewane tangu hapa. Nikikubali, watu wawili tumepata kazi. Nikikataa, watu wawili tumekosa, na nyumba nzima inaning'inia kwenye mdomo wangu. Na mdomo wangu, wanaonijua wanajua, si mahali salama pa kuning'iniza kitu.

Asubuhi shemeji alinipeleka, akaegesha pikapu upande wa pili wa barabara, akawasha redio. "Mimi nakusubiri hapa hapa," akasema, na meno yote nje.

Jambo la kwanza lililonikera lilikuwa mlango. Mlinzi alinifungulia, akanipokonya simu kwa upole, akasema ni utaratibu. Nikapita. Nyuma yangu nikasikia kufuli, na kufuli lenyewe liko upande wa nje. Nikajiambia, wee mwanamke, usianze, hata nyumba za watu zinafungwa.

Ndani kulikuwa na safu za vyerehani na wanawake wameinama. Nikasalimia, "Habari za kazi, jamani!" Aliyeitikia ni mmoja tu, tena kwa kope. Niwaambie kitu: mafundi ni watu wa umbea. Akiingia mgeni kwenye karakana, vichwa vyote hunyanyuka, kila mtu akamtazama alivyovaa, nani kamshonea, na pindo limekaaje. Hawa hata hawakulitazama gauni langu. Niliumia kidogo, nisiwafiche, maana nililishona mimi.

Bosi alikuja mikono imefunguka. Mtu wa makamo, mnene kidogo, ana sauti tamu. "Karibu mama, karibu sana! Hapa sisi ni familia moja." Akanipeleka kwenye meza ya kukatia. "Tufanye jaribio dogo tu, nione mkono wako."

Jaribio dogo! Nililetewa jora zima la kitambaa cha kijani, na vipimo vya mashati, saizi zote. Nikakata. Kila nikimaliza rundo, msichana mmoja analichukua anakwenda kuwagawia washonaji, wanashona. Sasa jaribio gani linashonwa? Nikatambua kwamba hapa nimo kazini tayari, na mtu anataraji shati la mwanafunzi kutoka mkononi mwangu, mimi sijaulizwa hata nimekunywa chai. Nikajikaza kisabuni. Nilimfikiria shemeji na redio yake, nikakata mpaka jora likaisha.

Bosi alirudi anasugua viganja. "Mashallah, mkono wa dhahabu! Mama, umepata kazi. Leo hii hii."

"Nashukuru, bosi. Na kazi yenyewe inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi?"

Akacheka. "Ah, mama! Familia haiangalii saa."

Mh. Mimi familia ninayo, na inaangalia saa vizuri tu, hasa ya kula. Nikamuuliza habari ya malipo, akasema tutaelewana, asiwe na wasiwasi mtu mzima kama mimi. Nikauliza aliyekuwa akikata kabla yangu amekwenda wapi. Hapo utamu wa sauti ulipungua.

"Watu wa siku hizi hawana shukrani. Unamlea mtu, unamwona ndugu yako, siku moja anatoka, haagi. Lakini wewe, nakuona, si wa namna hiyo." Halafu akakumbuka kutabasamu. "Vyeti vyako umekuja navyo? Vile vyenyewe, siyo nakala. Viache kwangu, navitunza kabatini. Na mkasi uache pia. Njoo nikuonyeshe msumari wako."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi ile ilikuwa inanikimbilia, imenyoosha mikono kabisa. Lakini nilimfuata, kwa sababu kijana wa mtu alikuwa nje anasubiri, na mdogo wangu alikuwa nyumbani anaimba.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na misumari mmoja baada ya mwingine, na kwenye misumari mikasi. Nikasimama. Nilitazama meza za kukatia. Palikuwa na meza moja tu, ile niliyotoka kukatia mimi.

"Hii mikasi ya nani?" nikauliza.

"Ya hapa hapa!" Alisema kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha mifugo yake. "Waliiacha wenyewe. Ukipenda hata usije na wako, vifaa tunavyo tele. Chagua."

Waliiacha. Nilisogea karibu. Mmoja mpini umefungwa kamba ya ngozi, mwingine umetiwa alama ya msalaba kwa moto, mwingine umechongwa kidogo pa kuingilia kidole kinene. Kila mmoja una mtu wake, na mtu wake hayupo. Nimewaambia, mkataji haachi mkasi mpaka afe. Sasa hapa walikuwa wamekufa wangapi?

Kisha nikaona utepe wa bluu.

Nilitaka kupiga kelele, nikaziba mdomo kwa kiganja nikajifanya nakohoa. Ulikuwa ule ule, na utepe umechakaa mahali pale pale pa gumba la kushoto. Nilikuwa nimeutazama mbele ya macho yangu miaka yote ya karakana ya mzee. Shoto!

"Huo achana nao," bosi akasema aliponiona nimeukazia macho. "Mbovu. Kila anayeujaribu anasema haukati, unatafuna tu kitambaa."

Jamani! Mkasi wa kishoto, unashikwa na watu wa mkono wa kulia, unawatafunia kitambaa, na mwenye karakana anaamini umeharibika. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo niliukumbatia mkasi wangu kifuani.

"Basi huu hapa ndio wako," akasema, akagonga msumari mtupu uliokuwa mwisho wa safu. "Tundika, mama, tumalize. Kuna wengine wawili wanaingojea nafasi hii, usipoamua sasa hivi naipeleka kwao. Na shemeji yako nimeshampangia safari ya mchana huu. Hutaki kumwangusha, au siyo?"

Aliupata moyo wangu hapo, siwezi kukataa. Mkono wangu ulinyanyuka kweli, na mkasi ukiwemo. Niliuona uso wa mdogo wangu. Niliona godoro nyuma ya kochi. Nikatazama tena ile safu, na wangu ungekaa wapi, karibu na wa Shoto, siku moja mtu mwingine asimame hapa aulize huu wa nani.

Nikaushusha mkono.

"Bosi, nakushukuru kwa kunikaribisha. Kazi hii siiwezi."

"Huiwezi vipi? Nimeona unavyokata!"

"Kukata naweza. Nyinyi ndio siwawezi." Nilijaribu kulisema kwa heshima, lakini heshima yangu ndiyo hiyo, inaishia hapo. Uso ulimshuka. Kabla hajapata la kusema nikaongeza, "Ila nina ombi. Kama ule mbovu hauna kazi, nipe mimi. Niwe nimelipwa kwa hilo jora nililokukatia."

Akanitazama kama amekutana na kichaa. Akaung'oa msumarini, akanitupia mezani. "Chukua, ukafyekee majani. Na huyo dereva wako mwambie asije tena hapa!"

Nilipiga mlango kwa kiganja mpaka mlinzi akafungua, akanirudishia simu. Nilipogeuka nyuma kabla ya kutoka, yule mwanamke aliyeitikia salamu kwa kope alinyanyua kichwa. Aliutazama utepe wa bluu, kisha akanitazama mimi, akarudi kushona haraka. Natamani ningemwambia neno. Sikumwambia, na mpaka leo linanikaa kooni.

Shemeji alizima redio. "Eeh? Kazi tumepata, tumekula mbuzi?"

"Hatujala, shemeji. Nimekataa. Na wewe wamesema usirudi."

Hakuuliza kwa nini. Bora angeuliza! Bora angefoka! Alishika usukani, akatazama mbele, akaendesha taratibu kana kwamba amebeba vioo.

Aliyefoka ni mdogo wangu, na alifoka kwa wote wawili. "Umekataa? Umekataa kazi kwa sababu ya mikasi ukutani? Dada, kwani wewe ulikwenda kuolewa na mikasi?"

"Mlango umefungwa kwa nje. Haniambii saa, haniambii malipo, anataka vyeti vyangu..."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

"Ainame, mdogo wangu. Hakuna aliyesema aingie mvunguni akafungiwe."

"Maneno! Siku zote una maneno! Mume wangu atarudi kijiweni kwa sababu ya maneno yako." Akavuta pumzi, na nikaona linakuja, na yeye akaliona, na hakulizuia. "Sema tu umeizoea sebule yangu."

Wembe wa nyumba hii ni mimi. Nina jibu la kila mtu. Safari hii nilimwachia sebule yake. Niliuchukua mkasi wa Shoto, nikatoka nje, na machozi nikayaachia yatoke yanavyotaka.

Shemeji alikuwa anafuta kioo cha pikapu ambacho hakikuwa na vumbi. Akanifungulia mlango. "Panda. Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta mwenye huu."

Shoto alikuwa akiishi kwa kaka yake, nyuma ya shule ya msingi, na bado alikuwepo. Tulimkuta uani anaanua nguo za watu, anafulia familia za mtaani. Amekonda, jamani. Aliponiona alicheka, akaanza utani wake wa zamani, "Nani kakushonea hilo gauni, au umeliokota?" Kisha akaona nilichoshika. Kikapu cha nguo kikamponyoka.

"Umefika kule," akasema.

"Nimefika. Nimekataa."

Alikaa kwenye kizingiti cha mlango. Aliupokea mkasi kwa mkono wa kushoto, vidole vikaingia mahali pake, akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Halafu akasimulia huku akiutazama huo huo.

Mama yake alikuwa mgonjwa. Kulikuwa na mzigo mkubwa wa sare, shule zikikaribia kufunguliwa, na bosi alisema hatoki mtu mpaka mzigo uishe. Mchana kaka yake akaja mlangoni na habari kwamba mama amezidiwa, anamwita. Mlinzi akaileta habari. Bosi akasema amalize mashati ya mwisho kwanza, familia haiachani katikati ya kazi. Shoto akaenda mlangoni akapiga, akapiga, kufuli liko nje.

"Waliponifungulia nilitoka mbio. Mkasi sikuukumbuka hata kidogo. Nilimkuta mama ameshafunikwa shuka." Akaufunga mkasi. "Wenzangu waliniambia nikauchukue. Nikashindwa. Kila nikifikiria ule mlango, miguu inakataa."

Nilimshika tukalia wote, bila aibu, mbele ya nguo za watu. Nyuma yetu shemeji alikuwa amesimama wima, amevua kofia.

"Siku hiyo nilikuwepo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nje, nasubiri kupakia hizo sare. Nikasikia mtu anagonga kwa ndani. Anagonga, anagonga. Nikadhani wanatengeneza meza." Akafuta uso kwa ile kofia. "Nikaongeza sauti ya redio."

Shoto alimgeukia. "Usingejua, baba," akasema. "Mlango ulikuwa umefungwa hata kwako." Na mimi niliyemwita mtu huyu mpole kupita kiasi nilijionea haya kimoyomoyo.

Njia nzima hakuwasha redio. Tulipofika nyumbani aliniambia nibaki kibarazani kidogo. Akaingia ndani. Nilisikia sauti yake kupitia dirishani, inasema mfululizo, shemeji yangu ambaye kwa siku huongea maneno ya kuhesabika. Sikusikia alichosema chote. Nilisikia "anagonga" mara kadhaa, na mdogo wangu akisema, "Mungu wangu."

Nilianza kupanga kichwani. Nguo zangu zinaenea mfuko mmoja, godoro ni lao, mkasi ni wangu. Shoto alisema kwa kaka yake pangepatikana pa kujibanza. Nikaingia nikiwa na hotuba yangu ya kuaga, fupi na yenye heshima, hata mimi niliipenda.

Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya kochi. Mkono mmoja nyundo ya mumewe, mkono mwingine msumari, midomo ameikaza. Alipiga mara ya kwanza, plasta ikamwagika. Akapiga tena, akajigonga kidole, akalaani. Shemeji akanyoosha mkono kumsaidia, akamwambia, "Niache!" Akapiga mpaka ukakaa. Umepinda, umeangalia juu, na ukuta umepata kidonda ambacho mwenye nyumba siku akikiona atatutaja mpaka babu zetu.

Akashuka. Macho yake mekundu. Hakuniomba radhi, na mimi sikumdai. Sisi ni tumbo moja, tunajuana.

"Haya," akasema, ananyonya kidole. "Unatazama nini? Tundika."

Hotuba yangu ilipotelea wapi sijui. Nilikwenda kwenye mto wangu, nikaufungua mkasi wangu kwenye kitambaa, nikapanda juu ya kochi na umri wangu huu, nikautundika.

Kesho yake shemeji alirudi kijiweni, na mimi nikatoka kubisha milango mingine ya kazi. Kila mlango nilioufikia, kabla ya salamu, nilitazama kwanza kufuli liko upande gani.